Barua ya wazi: Saratani haisubiri tarehe 9 Desemba

Kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Waziri wa Afya na Kamishna Jenerali wa Magereza

Yah: Wafungwa wanaoomba kufa, na wanaokufa wakisubiri msamaha

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa katika hospitali moja ya Kanda ya Kaskazini. Kazi yangu huanza pale daktari anapowaambia ndugu, "Sasa tumtunze tu." Wagonjwa wangu wengi huja na wake zao, waume zao, watoto wao. Wachache huja na askari magereza wawili na pingu. Barua hii inahusu hao wachache, na nimeiandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimeshazipita. Nimeandika taarifa, nimejaza fomu, nimepiga simu, na kila mara nimejibiwa kwa heshima.

Nianzie mbali kidogo, Ubelgiji, maana huko swali ambalo sisi tunalikwepa lilifika hadi mezani kwa waziri. Ubelgiji ina sheria ya kumruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa tangu mwaka 2002. Mwaka 2014 mtu aitwaye Frank Van Den Bleeken, aliyekuwa amezuiliwa karibu miaka 30 kwa ubakaji na mauaji, alikubaliwa ombi lake la kusaidiwa kufa. Hakuwa na saratani. Alisema anajijua kuwa ni hatari kwa watu, kwamba hapati tiba ya akili inayomfaa, na kwamba kuishi hivyo ni mateso asiyoyaweza tena. Siku ikapangwa, Januari 2015. Zikiwa zimebaki siku chache, madaktari wakajitoa, na waziri wa sheria akatangaza kwamba atahamishiwa kwenye kituo cha tiba huko Ghent. Ndugu za msichana aliyeuawa walikuwa wamepinga tangu mwanzo: walitaka abaki ndani.

Naomba mtazame mpangilio wa mambo hayo. Mtu alikuwa akiomba matibabu kwa miaka. Kibali cha kufa kilipatikana kwanza, kitanda cha matibabu kikafuata baadaye, tena baada ya magazeti ya dunia nzima kupiga kelele.

Kanada waliruhusu kusaidiwa kufa mwaka 2016, na wafungwa hawakuachwa nje. Mwaka 2020 Ivan Zinger, mkaguzi wa serikali anayeshughulikia malalamiko ya wafungwa wa shirikisho, alitaka jambo hilo lisimamishwe ndani ya magereza yao. Miongoni mwa kesi alizozipitia ilikuwamo ya mfungwa mgonjwa wa kufa aliyenyimwa parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, kisha ndipo akaomba asaidiwe kufa. Hispania, Agosti 2022, mtuhumiwa aliyewapiga risasi watu wa kazini kwake, naye akapooza kwa risasi za polisi, alisaidiwa kufa kabla kesi haijasikilizwa, na walioumizwa naye wakabaki bila hukumu. Uswisi nao, Februari 2023, wakawa na mfungwa wao wa kwanza kusaidiwa kufa.

Najua mtakavyosema. Hayo ni ya kwao. Sisi Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 216, inamtishia kifungo cha maisha anayemsaidia mtu kujiua, na kanisani na msikitini jibu ni hilohilo. Mlango umefungwa na hakuna anayegonga.

Waheshimiwa, wanagonga. Mimi nimeombwa.

Aliyeniomba alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, saratani ya umio, ugonjwa tunaouona sana huku kwetu. Aliletwa akiwa hawezi kumeza hata mate. Mguu mmoja ulifungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, ingawa mtu yule asingeweza kukimbia hata kufika chooni. Katika karatasi yake ya rufaa, dawa ya maumivu iliyoandikwa ilikuwa Panadol. Vidonge vya Panadol, kwa mtu asiyemeza. Usiku wa kwanza aliniita kwa mkono, akaniambia kwa sauti ya kunong'ona, "Sista, nyie hamna ile dawa ya kumlaza mtu moja kwa moja?" Nikamuuliza kama ana maana ya dawa ya usingizi. Akatikisa kichwa. "Unajua nasema nini."

Tulimpa morfini ya maji kwa mpira uliopitishwa puani. Siku ya pili usiku alilala. Siku ya tatu hakuomba kufa. Aliomba binti yake aliyeko Singida apigiwe simu. Askari mmoja, kijana mdogo, alitoa simu yake mwenyewe akapiga. Sijui kama kanuni zenu zinaruhusu, na simtaji wala sitaulizwa nikamtaja.

Sisemi kwamba morfini humaliza kila ombi la kufa. Nimeona wagonjwa huru, maumivu yametulia, familia imejaa chumbani, na bado mtu anasema amechoka, inatosha. Ombi la namna hiyo ni zito na linastahili mjadala wake, na siku moja taifa hili litaufanya. Lakini la yule mzee halikuwa hilo. Alikuwa anaomba kutoka kwenye maumivu, na kwenye pingu, na kwenye kufa mbele ya watu wawili wenye bunduki wasiojua hata jina la mama yake. Kifo kilikuwa njia pekee aliyoiona.

Hapo ndipo ninapoachana na watetezi wa kusaidiwa kufa huko Ulaya, ingawa hoja yao naiheshimu. Wanasema mfungwa amenyang'anywa uhuru wa kutembea tu. Hakunyang'anywa mwili wake. Kama mgonjwa aliye huru anaruhusiwa kuchagua kufa, kumnyima mfungwa ni kumwongezea adhabu ambayo hakimu hakuitoa. Hoja hiyo ina nguvu, na mwenye nchi yenye sheria hizo hana budi kuijibu. Jibu langu ni kwamba hiari inahitaji uchaguzi zaidi ya mmoja. Anayeshika funguo za selo ndiye anayeamua kama mgonjwa ataonana na daktari, kama gari litapata mafuta ya kumfikisha hospitali, kama mkewe ataingia kumwona, kama atafia kwao. Mtu huyohuyo akishamnyima hayo yote, halafu akapokea ombi lake la kufa na kuliita hiari, anajidanganya. Ndiyo maana mlango huo sitaki ufunguliwe gerezani, hapa wala pengine. Ila kuufunga peke yake si wema. Kwa sasa tumemkatalia mfungwa mgonjwa kifo cha haraka, tukamwachia cha polepole, tukajisifu kwamba tunaheshimu uhai.

Na sheria yetu haijanyamaza kuhusu hicho cha polepole. Kanuni ya Adhabu hiyohiyo, kifungu cha 203, inapoeleza maana ya kusababisha kifo, inamhesabu pia yule ambaye kwa kutenda au kwa kutotenda ameharakisha kifo cha mtu ambaye tayari ni mgonjwa. Mimi si mwanasheria na simshtaki mtu. Nasema tu kifungu kipo, na kinamfuata kila mwenye wajibu wa kumtibu mgonjwa asiyeweza kujitibu mwenyewe.

Sasa nije kwenye msamaha, maana ndiko yule mzee alikoishia.

Matangazo ya msamaha wa Rais, ya Muungano tarehe 26 Aprili na ya Uhuru tarehe 9 Desemba, kwa miaka mingi yamekuwa yakitaja kundi la wafungwa wenye magonjwa kama UKIMWI, kifua kikuu na saratani waliofikia hatua ya mwisho, wathibitishwe na jopo la waganga chini ya Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya. Yanataja pia wazee wa miaka 70 na zaidi, akina mama wajawazito na wenye watoto wachanga. Ni utaratibu wa huruma, na nchi nyingi zinazotuzunguka zingeweza kuuiga. Nausifu bila kejeli.

Shida yake ni kalenda. Mgonjwa wa saratani ya umio aliyefika hatua hiyo, mara nyingi tunamhesabia wiki, tukibahatika miezi. Akigundulika Mei, Muungano umepita. Majina yanakusanywa magerezani, jopo linakaa likipata nafasi, karatasi zinapanda hadi makao makuu Dodoma, zinakwenda wizarani, zinakwenda Ikulu, zinasubiri sikukuu. Yule mzee alifariki mwezi wa tisa. Nilivyoambiwa, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Desemba. Binti alimwona mara moja, kwa robo saa, askari akiwa amesimama katikati yao.

Lakini ibara ya 45 ya Katiba haina Desemba ndani yake. Inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyetiwa hatiani, kwa masharti au bila masharti, siku yoyote. Ibara ndogo ya pili inasema Bunge laweza kutunga sheria ya kuweka utaratibu utakaofuatwa katika kutumia madaraka hayo. Yaani Katiba yenyewe imewaachia nafasi ya kufanya ninachokiomba. Hakuna cha kurekebisha huko juu. Kinachohitajika ni muswada mfupi unaosema kwamba mfungwa aliyethibitishwa kuwa mgonjwa wa kufa, faili lake linakwenda peke yake, siku hiyohiyo, halichanganywi na orodha ya sikukuu. Jopo likae ndani ya siku saba tangu mganga wa gereza alipoandika. Kamishna Jenerali atoe pendekezo ndani ya siku tatu. Huko Ikulu sithubutu kupanga siku, ila naamini faili la mtu mmoja ni jepesi kusoma kuliko orodha ya maelfu.

Tena jeuri ya kufanya makubwa tunayo. Tarehe 9 Desemba 2017 pale Dodoma, Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157, wakiwemo 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, na siku hiyo wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha, wakatoka. Taifa zima lilizungumza wiki nzima. Sitaki kurudia mjadala ule. Ninachokumbusha ni kwamba siku ile tulijua kuwa hakuna kosa wala kifungo ambacho kalamu ya ibara ya 45 haiwezi kukifikia.

Nasema hivyo kwa sababu msamaha wa kawaida mara nyingi hauwahusu waliohukumiwa kunyongwa, wa maisha, wa unyang'anyi, wa ubakaji, wa dawa za kulevya. Matokeo yake, wafungwa wenye vifungo virefu, ambao ndio wanaozeeka na kupata saratani ndani, ndio walioachwa nje ya kundi la wagonjwa. Kijana wa kifungo cha miaka miwili mara chache hufika kwangu. Na huyu aliyehukumiwa kunyongwa, ambaye nchi hii haijamnyonga mwenzake tangu katikati ya miaka ya 1990, anangoja kitanzi kisichokuja, ini linamvimba, na kwa mujibu wa karatasi hana nafasi popote. Mahakama ilimhukumu kunyongwa. Haikumhukumu kufa na saratani bila dawa.

Wapo na mahabusu. Huyu ndiye anayenikosesha usingizi zaidi. Kesi ya mauaji haina dhamana, upelelezi "bado haujakamilika", mtu anaugua mwaka wa tatu katika gereza la Keko au Karanga au Butimba. Msamaha wa Rais haumgusi kwa kuwa hajatiwa hatiani. Mwenye uwezo ni Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa kuiondoa kesi chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Naomba nakala ya barua hii imfikie. Mtu ambaye sheria bado inamhesabu kuwa hana hatia, kwenye suala la kufa ana njia nyembamba kuliko mwenye hatia. Nimewaza nikashindwa kupata maelezo ya jambo hilo ambayo ningeweza kumpa mkewe.

Sasa pingamizi, na naanza na lile lenye haki. Atatoka mtu aliyeua baba wa watu, atazikwa kwao kwa heshima, na wafiwa watamwona akipita. Ni kweli, na inauma, na sina maneno ya kuwafariji wenye msiba huo. Nasema tu kwamba adhabu waliyoahidiwa na mahakama ilikuwa kifungo, na wiki tatu za mwisho za mtu asiyeweza kugeuka kitandani haziongezi chochote kwenye kifungo hicho. Waelezwe mapema, wasisikie sokoni. Na msamaha uwe na masharti, Katiba inaruhusu: akae kijiji fulani, asikanyage kingine.

Pingamizi la pili ni udanganyifu. Kwenye hili Afrika Kusini imetuonyesha kila kitu. Schabir Shaik, mfanyabiashara aliyefungwa miaka 15 kwa rushwa, alitolewa mwaka 2009 kwa sababu ya ugonjwa ulioelezwa kuwa wa kufa, na baadaye akaonekana akicheza gofu. Mwaka 2021 Jacob Zuma, rais wao wa zamani, alitolewa kwa sababu za afya, na mahakama zikasema utaratibu ulikiukwa. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini angalieni waliokasirikiwa ni akina nani. Mwenye mawakili na madaktari wake binafsi hupata mlango hata pasipokuwa na sheria. Asiye na kitu ndiye anayehitaji siku saba zilizoandikwa. Jopo liwe na daktari wa saratani kutoka hospitali za Ocean Road, Bugando au KCMC, hata kwa simu ya video, na majibu ya maabara yaambatanishwe. Saratani ya umio iliyofika kwenye ini haiigizwi.

Kuna pingamizi la tatu ambalo hamtalisema ila mimi nalijua kwa kuwa nimelikuta: wengine hawana pa kwenda. Mke ameolewa, mashamba yamegawanywa, wadogo zake hawamtaki. Niliwahi kumsindikiza mgonjwa hadi kwao na mlango haukufunguliwa. Huyo msimtoe ili afie stendi na takwimu za gereza zibaki safi. Huyo abaki hospitali, pingu ifunguliwe, na askari mmoja asiye na bunduki anatosha. Baadhi ya hospitali za Kanisa la Kilutheri (KKKT) zina huduma za shufaa zinazofika hadi majumbani kwa miaka sasa, wapeni barua ya ushirikiano tu, wao kazi wanaijua.

Na wale ambao kwa sababu yoyote hamtawatoa, wapeni dawa. Waziri wa Afya, hili ni lako. Morfini ya maji huchanganywa kutoka kwenye unga, ni rahisi kwa bei, na Ocean Road wanaifahamu vizuri. Uganda wameitumia tangu hospisi yao, kituo cha kuwatunza wagonjwa wa kufa, ilipoanza mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea shufaa kuiandika. Nimesikia hofu kwamba ikiingia gerezani itaibwa, italewesha watu. Kabati lenye kufuli mbili na daftari la sahihi mbili, ndivyo tunavyofanya wodini kila siku. (Na iambatane na dawa ya kulainisha choo. Atakayeisahau hiyo atasikia wagonjwa wakiilaani morfini, na watakuwa na haki.) Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 24 kwamba mfungwa apate tiba ya kiwango kilekile cha raia aliye nje. Siwadai zaidi ya hapo. Mwanakijiji wa Hai au Rombo akinijia na maumivu haya anaondoka na chupa. Mfungwa naye apewe chupa.

Pingu kwa mgonjwa asiyejiweza ifutwe kwa waraka wa Kamishna Jenerali. Hilo halihitaji Bunge wala bajeti, linahitaji sahihi yako tu, Afande, hata wiki hii.

Namalizia na ombi ambalo najua ndilo gumu. Toeni hadharani hesabu za miaka mitano iliyopita: ni majina mangapi ya wagonjwa wa kufa yaliandikwa na waganga wa magereza, mangapi yalifika kwenye jopo, mangapi yalirudi na kibali, na wangapi walifariki katikati. Gereza kwa gereza. Siku za sikukuu huwa mnatangaza waliotoka. Hao wengine ndugu zao wamewahesabu mmoja mmoja, na wangependa kujua kama nanyi mlihesabu.

Jopo likihitaji muuguzi wa kukaa nalo, nitakuja kwa nauli yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi wa tiba shufaa, Kanda ya Kaskazini

Nakala: Mkurugenzi wa Mashtaka